Dungusi, sakulenti na maua ya ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Uganda

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kuhusu mimea hii umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi kali, ambako dungusi hulala miezi kadhaa na dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Kinachoua hapa ni mvua ya Aprili na udongo unaoshika maji. Kwa hiyo majibu mengi yanaanzia kwenye tabia ya mmea wenyewe: ukijua unaishi vipi, ratiba ya kumwagilia huhitaji kuikariri.

Sakulenti ni nini hasa, na dungusi linaingia wapi?

Sakulenti ni jina la tabia, si la ukoo. Mmea wowote unaoweka akiba ya maji kwenye majani, shina au mizizi minene huitwa hivyo, hata kama hauna undugu wowote na mwenzake. Aloe huweka akiba kwenye majani, mnyaa kwenye shina, adeniamu kwenye kitako kilichovimba juu ya mizizi. Dungusi, au kaktasi kama wengi tunavyosema, ni ukoo mmoja tu, Cactaceae. Karibu kila dungusi ni sakulenti, lakini sakulenti nyingi zinazouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara si madungusi.

Muuzaji ameniambia hili ni kaktasi. Nitajuaje kama ni kweli?

Tazama pale mwiba unapotokea. Kwenye dungusi, miiba huchipuka kwa vishada kutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya, mfano wa kimto kidogo sana. Maua na matawi mapya hutokea hapohapo. Kidoa hicho hakipatikani kwenye ukoo mwingine wowote wa mimea, kwa hiyo ukikiona, maneno yamekwisha. Euphorbia, jamii ya mnyaa, haina kidoa cha namna hiyo. Miiba yake mara nyingi huja miwili miwili, na jeraha dogo tu hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Ile miti yenye matawi kama kinara cha mishumaa inayosimama kwenye nyika za Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth ni Euphorbia candelabrum, ingawa wageni huipiga picha wakiiita kaktasi. Mnyaa unaopandwa kuwa ua vijijini nao ni euphorbia. Kufanana kwao na madungusi ya Amerika hakutokani na undugu. Ukame ni uleule, na kila bara lilifika kwenye jibu lilelile kwa njia yake: punguza majani, nenepesha shina, ota miiba.

Usikate mmea ili kujaribu kama una maziwa. Utomvu wa euphorbia huunguza ngozi na unaweza kudhuru jicho vibaya. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua.

Je, Uganda ina dungusi lake la asili?

Moja tu. Madungusi yote asili yake ni Amerika isipokuwa Rhipsalis baccifera, ambalo humea lenyewe pia Afrika ya tropiki, Madagaska na Sri Lanka. Kwenye misitu yetu huning'inia juu ya matawi ya miti, jembamba, la kijani, kama kamba zilizosahauliwa kwenye mti, na halina miiba ukishakomaa mmea. Matunda yake ni meupe, madogo, yenye ulimbo, na ndege huyapenda.

Watu huliua kwa kuliheshimu kama kaktasi. Hulianika juani, hulinyima maji, likageuka jekundu na kusinyaa. Hili ni dungusi la msituni: linataka mwanga uliochujwa, udongo mwepesi wenye vipande vya magamba ya mti au makapi ya kahawa yaliyooza vizuri, na maji mara tu udongo wa juu unapokauka. Mpungate, ule wenye vipande bapa kama vibao, ni mgeni aliyeletwa.

Ni kweli mimea hii hupumua usiku?

Kila mmea hupumua usiku na mchana. Kinachoshangaza kwa aloe, sansevieria, kalanchoe na madungusi ni saa ya kufungua vitundu vya majani. Mimea mingi huvifungua mchana ili kuingiza hewa ya kaboni, na papo hapo hupoteza maji mengi kwa joto. Hii huvifunga mchana na kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi. Kaboni inayoingia hugeuzwa kuwa asidi na kutunzwa ndani ya seli hadi asubuhi. Jua likitoka, asidi ile huvunjwa na usanisinuru huendelea milango ikiwa imefungwa.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika kwamba majani ya kalanchoe moja, Kalanchoe pinnata, ambayo Waganda huiita ekiyondo, huwa machachu kama ndimu alfajiri, na kufikia adhuhuri uchachu ule umeondoka. Alikuwa ameonja asidi ya usiku. Usimwige: kalanchoe zina sumu inayogusa moyo.

Funzo la vitendo ni kwamba mmea wa aina hii hukua polepole. Mtu anayemwagilia zaidi ili ukue haraka anaulazimisha kunywa usichokuwa na pa kukitumia.

Basi nikiweka sansevieria chumbani itasafisha hewa?

Kwa kiasi kisichoonekana. Dai hili linatokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyozibwa kabisa. Nyumba yako haijazibwa. Uchambuzi wa tafiti kama hizo uliotolewa 2019 ulipiga hesabu kwamba ili mimea ishindane na hewa inayoingia yenyewe kwenye jengo, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha. Sansevieria ipende kwa sababu nyingine. Zipo za kutosha.

Dirisha lipi ni bora?

Hapa ndipo vitabu vya Ulaya hutupoteza. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo kuanzia takriban tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha la kaskazini lenye jua Juni halina jua Desemba. Adhuhuri jua huwa karibu utosini na huingia ndani kidogo sana, hasa nyumba ikiwa na paa lililotokeza.

Dirisha la mashariki ndilo la kuaminika mwaka mzima: jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne hivi, na mchana mwanga bila makali. Hilo latosha kwa sakulenti ndogo kama ekeveria, haworthia na aloe ndogo. Dirisha la magharibi hufaa madungusi yaliyozoea, ila jua la saa tisa alasiri huunguza majani ya maua ya ndani kama monstera na maranta. Usiweke sakulenti zaidi ya nusu mita kutoka kioo. Jicho la mtu huona chumba kina mwanga wakati mmea uko gizani.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Swali lenyewe ndilo kosa. Wiki haijui mvua wala chungu. Chukua kijiti cha muchomo kilichooshwa, kichomeke kwenye udongo hadi karibu na chini, kiache dakika 5, kisha kitoe. Kikitoka na udongo ulioganda au kikiwa na rangi nzito ya unyevu, subiri. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, mwagilia mpaka maji yatoke tundu la chini, na umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Yakiachwa pale huozesha mizizi na pia huzalisha mbu.

Kwa kukadiria tu: chungu cha udongo chenye upana wa sentimita 12 kwenye dirisha la Kampala huchukua kama siku 10 hadi 14 kukauka Januari, na wiki tatu au zaidi katikati ya mvua. Chungu cha plastiki huchelewa zaidi. Kabale, ambako usiku ni baridi, ongeza siku. Moroto, punguza.

Mwagilia kwa maji mengi, kwa nadra. Kijiko kimoja kila siku hulowesha sentimita mbili za juu tu. Mizizi ya chini hukauka na kufa, ya juu huoza, na mwenye mmea husema ameupa maji kidogo sana. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, ni mazuri kuliko ya kisima yenye chumvi.

Udongo gani nichanganye kwa vitu vinavyopatikana hapa?

Udongo mweusi wa shambani peke yake haufai. Ukilowa hushikamana, ukikauka huwa tofali. Mchanganyiko unaofanya kazi ni huu, kwa kipimo chochote utakachoshika, iwe kikombe au ndoo: sehemu 2 za mchanga wa chenga kubwa, sehemu 1 ya matofali yaliyopondwa, sehemu 1 ya udongo mweusi uliochekechwa, na nusu sehemu ya vipande vya makaa ya kupikia ambavyo havijaungua.

Ukubwa wa chembe ni muhimu kuliko jina la kitu. Ponda tofali mpaka vipande viwe kama punje za mahindi na ndogo zaidi, kisha chekecha na utupe vumbi lote. Vumbi ndilo linaloziba. Mchanga laini wa ziwa una kasoro hiyohiyo. Ukiwa ndio ulio nao, uoshe kwenye beseni mara tatu na utumie kilichozama haraka. Wakazi wa Kisoro wana bahati: mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yakipondwa, yanashinda tofali.

Jaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu, lowesha, subiri, kisha mimina kikombe kimoja cha maji. Yakisimama juu zaidi ya sekunde chache, ongeza mchanga na tofali.

Niweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke?

Hapana. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kokoto. Hukusanyika juu ya kokoto mpaka udongo ule ulowe chepechepe. Kokoto huinua tope likaribie mizizi. Toboa chungu, weka kipande cha wavu juu ya tundu, jaza mchanganyiko uleule kutoka chini hadi juu.

Nilikata jani la sansevieria lenye kingo za njano, miche imetoka kijani tupu. Kwa nini?

Kwa sababu kingo zile za njano ni tabaka la seli za aina tofauti lililopakana na seli za kawaida, watu wawili ndani ya kanzu moja. Mche mpya unaotoka kwenye kipande cha jani huanzia kwenye seli za ndani, ambazo ni za kijani. Ukitaka njano ibaki, gawa mmea kwa shina la chini ya udongo: utoe kwenye chungu, tafuta shina nene la rangi ya machungwa linalounganisha mche na mama, likate kwa kisu safi, acha kidonda kikauke siku mbili au tatu, kisha panda.

Kwa zile za kijani, vipande vya jani vya sentimita 7 hadi 10 vinatosha. Weka alama upande wa chini. Kikipandwa kichwa chini hakioti kamwe, kwa kuwa jani halisahau maji yalikotoka. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane, mche wa kwanza miezi kadhaa. Wataalamu sasa huuweka mmea huu kwenye jenasi ya Dracaena, kwa hiyo kibandiko cha Dracaena trifasciata na cha Sansevieria trifasciata ni kitu kimoja. Usilipe mara mbili.

Kalanchoe yangu ina vitoto pembeni mwa majani. Ni ugonjwa?

Ni uzazi. Kalanchoe daigremontiana ya Madagaska huotesha mimea midogo kamili kwenye meno ya jani, mingine ikiwa na mizizi kabla hata haijadondoka. Ekiyondo hufanya hivyo pia, hasa jani likiwa limeanguka au limejeruhiwa.

Uzuri huo una gharama. Mmea mmoja ukiwekwa juu, baada ya miezi michache vyungu vyote vya chini vitakuwa na watoto wake. Usimwage takataka zake kwenye malisho. Ng'ombe na mbuzi wakizila hudhurika moyo. Zikaushe kabisa au uzichome.

Ekeveria ilikuwa kama waridi lililofumbata, sasa imekuwa mnara. Nifanyeje?

Imekosa mwanga na inautafuta. Shina lililorefuka halirudi. Kata kichwa ukiacha sentimita 3 za shina chini yake, ng'oa majani ya chini, acha kivulini siku 4 hadi 7 mpaka kidonda kifunge, kisha panda kwenye mchanganyiko mkavu. Usimwagilie wiki ya kwanza. Kisiki usikitupe: kitatoa vichipukizi vitatu au vinne.

Ukiihamishia kwenye jua, ihamishe kwa siku 10 hadi 14, ukianza na saa moja ya jua la asubuhi. Doa la kuungua ni kovu la kudumu.

Kuhusu rangi nyekundu na zambarau ulizoziona kwenye picha: mmea hutengeneza rangi hizo kujikinga na jua kali, na usiku wa baridi huzikoleza. Ndiyo maana ekeveria ya Kabale huwa na haya usoni na ndugu yake wa Kampala, kwa utunzaji uleule, hubaki kijani. Si kosa lako.

Ule unga mweupe ni uchafu au wadudu?

Ukiwa umetandazwa sawasawa kama poda kwenye jani zima, ni nta ya mmea. Huakisi jua na kutelezesha maji. Usiupanguse, jani la ekeveria likishapoteza nta halirudishi vizuri. Shika mmea kwa chungu.

Ukiwa ni vidonge kama pamba kwenye makwapa ya majani, ni vidung'ata, wadudu wafyonzao utomvu. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti ya dukani ya asilimia 70 na uguse kila kidonge, kila baada ya siku 5, mara nne, kwa sababu mayai hayafi raundi ya kwanza. Kwa mimea isiyo na nta unaweza kunyunyizia lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, jioni, kisha suuza asubuhi. Tazama pia sisimizi. Wao hulinda vidung'ata kama wachungaji, kwa kuwa hunywa utamu wanaoutoa. Usipowakatia njia, kundi litarudishwa. Mmea ukizidi kudhoofu na hakuna kinachoonekana juu, utoe kwenye chungu: kuna jamaa zao wanaoishi kwenye mizizi.

Kalanchoe ya maua niliyonunua haijachanua tena. Imekufa nguvu?

Haijapata usiku mrefu. Kalanchoe blossfeldiana huanza kutengeneza maua usiku unapozidi urefu fulani. Kwa wenzetu wa kaskazini majira hufanya kazi hiyo. Kwetu mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, na taa ya sebuleni inayowaka hadi saa tano usiku inamaliza hata ule usiku tulio nao.

Chukua boksi lisilopitisha mwanga. Lifunike mmea saa kumi na moja jioni, lifunue saa mbili asubuhi, kila siku kwa wiki sita, bila kuruka siku. Mchana uwe na mwanga mwingi. Vikonyo vya maua vikishaonekana, acha boksi. Dungusi la Schlumbergera, lile la Brazili lenye vipande bapa vilivyounganishwa, hukubali njia hiyohiyo, na likiwa mahali penye usiku wa baridi hukubali upesi zaidi. Likishaweka vikonyo usiligeuzegeuze wala kulikausha, vitadondoka.

Kwa nini maua mengine hufunguka usiku mmoja tu?

Kwa sababu wateja wao ni popo na nondo. Epiphyllum oxypetalum hufunguka baada ya giza kuingia, hunukia sana, na asubuhi limelegea. Ua la tunda la dragoni, ambalo nalo ni dungusi, lina tabia hiyohiyo; aina nyingine hazijichavushi zenyewe, kwa hiyo mkulima hupita usiku au alfajiri na brashi laini akihamisha chavua kutoka aina moja hadi nyingine. Ukipanda mche mmoja tu wa aina isiyojichavusha, utapata maua kila msimu na tunda hata moja hutaliona.

Aloe ni kinyume: maua yake mekundu na ya njano hukaa wazi mchana kwa ajili ya ndege chozi.

Dungusi lenye kichwa chekundu au cha njano ni halisi?

Ni halisi, ila ni mawili. Kichwa ni dungusi la Gymnocalycium lisilo na klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula, lililobebeshwa juu ya shina la kijani la jamaa ya tunda la dragoni. Bila shina hilo lingekufa likiwa mche. Shina na kichwa havikui kwa mwendo mmoja, kwa hiyo baada ya miaka michache ndoa huvunjika. Kichwa cha rangi huungua haraka. Shina linataka mwanga na joto. Kiweke mahali pang'avu pasipo jua la mchana. Ua la rangi ya plastiki juu ya dungusi la kawaida ni jambo jingine: limebandikwa kwa gundi.

Kitako cha adeniamu kinanenepa vipi?

Mmea unaotokana na mbegu ndio hujenga kitako kizuri. Kipandikizi cha tawi hutoa mizizi minene lakini mara nyingi hakifanyi chupa ile nzuri. Adeniamu ni mwenyeji wa kwetu, hata sehemu kavu za kaskazini mashariki ya Uganda humea yenyewe. Inataka jua kamili, maji ya kutosha wakati wa joto na ukavu mvua inapokazana, maana kitako kilicholowa wiki mbili huwa laini na kuoza kwa ndani. Kila unapohamisha chungu, mara moja kwa miaka miwili, inua mmea sentimita 2 juu kuliko ulivyokuwa ili mizizi ya juu ionekane. Vaa glavu. Utomvu wake ni ule wenye sumu ya moyo uliotumika kwenye mishale.

Kwa nini kifauongo hufumba majani kikiguswa?

Chini ya kila kijijani (jani dogo) kuna kifundo kilichojaa maji. Ukigusa, ujumbe wa umeme husafiri, madini ya potasiamu yanatoka kwenye seli za upande mmoja na maji huyafuata. Upande huo hulegea na jani huanguka. Huchukua dakika kadhaa kujaa tena. Waganda huuita weewumbeko, na watoto wote huujua njiani. Kwenye chungu hukua vizuri, lakini kuugusagusa siku nzima hupunguza chakula chake. Maranta nayo hukunja majani juu jioni kwa kifundo cha namna hiyo, ila inafuata mwanga, si kuguswa.

Monstera yangu haina matundu, na asubuhi hudondosha maji.

Mambo mawili tofauti. Matundu huja na umri na mwanga: mche wa majani manne matano hutoa majani mazima. Upe nguzo ya kupanda na mwanga zaidi. Majani mapya yatapasuka, ya zamani hayatabadilika. Matone ya asubuhi ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku wakati jani halivukizi. Si hatari, ila yakitoka kila siku punguza kumwagilia.

Zamiokulka huweza kweli kukaa miezi bila maji?

Ndiyo. Ina viazi chini ya udongo. Mmea huu ni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, na umekwenda Uholanzi ukarudi kwetu ukiwa na bei. Huvumilia kivuli cha ofisi. Kijijani kimoja kikipandwa hutengeneza kiazi kwanza, na huweza kukaa nusu mwaka au zaidi kabla ya kutoa shina. Usikifukue kuangalia.

Ipi ni hatari kwa watoto?

Dieffenbachia kwanza, lile ua la ndani la majani mapana yenye mabaka. Ina sindano ndogo sana za fuwele za kalsiamu zinazochoma ulimi na koo mpaka vivimbe. Monstera na zamiokulka zinazo kwa kiwango chake. Mtoto akitafuna, toa mabaki mdomoni, mpe maji ya kusukutua, na akishindwa kumeza au kupumua vizuri mkimbizeni hospitali. Euphorbia zote, pamoja na ile ya maua mekundu na miiba inayopandwa kando ya vibaraza, ziwe mbali na mikono midogo. Vijimiiba vya mpungate visivyoonekana hutolewa kwa kubandika gundi ya karatasi au selotepu na kuvuta.

Aloe vera, ekigagi cha Waganda, ina utomvu wa njano chini ya ganda ambao huendesha tumbo vibaya. Ukikata jani kwa ajili ya ngozi, lisimamishe dakika 15 utomvu uchuruzike, kisha menya.

Shina limekuwa laini na jeusi. Linaokoka?

Bonyeza kwanza. Ukahawia mgumu kama gome chini ya dungusi la zamani ni uzee, uache. Laini na lenye harufu ni uozo. Kata juu ya uozo kwa kisu kilichopanguswa spiriti, na uendelee kukata vipande vyembamba, ukipangusa kisu kila mara, mpaka duara la ndani liwe safi bila hata kidoa cha kahawia. Kidoa kimoja kikibaki umefanya kazi bure. Kausha kivulini, siku 5 kwa shina jembamba, wiki mbili au zaidi kwa nene. Panda kwenye mchanganyiko mkavu, shikiza kwa vijiti, na usubiri siku 10 kabla ya maji ya kwanza. Udongo wa zamani tupa nje. Chungu kisugue na ukianike.

Mbolea?

Kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17 kwenye jerikeni ya lita 10, kiyeyushwe usiku kucha, kitumike kwenye udongo ulio na unyevu, mara moja kila miezi miwili kwa sakulenti na kila mwezi kwa maua ya majani. Samadi mbichi hapana.

Naruhusiwa kuchimba aloe porini nikauze?

Usifanye. Aloe zote isipokuwa Aloe vera, pamoja na euphorbia nyingi za aina ya sakulenti na karibu madungusi yote, zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuzivusha mpakani kunahitaji kibali. Ndani ya hifadhi ni kosa hata kabla ya mpaka. Aloe tororoana humea kwenye mwamba wa Tororo, na makao yake ni hayo tu. Gunia moja la mchimbaji ni hasara isiyofidika. Nunua mche uliooteshwa kitaluni: una mizizi mingi, saizi sawa pande zote, na hauna makovu ya jua ya miaka. Dungusi kubwa lenye mizizi iliyokatwa fupi na ngozi yenye makovu, bei ikiwa ya kutupa, limetoka mahali ambapo halikupandwa na muuzaji.